Nilidhani Zamu Yangu Imepita

Kuna siku moja ya soko la Kibaigwa ambayo hainiachi, mwanangu, na leo imeniamsha kabla ya jogoo. Nimezunguka uwanja huu, nimefagia mahali palipokwisha kufagiliwa, nimewafungulia mbuzi nikawafunga tena. Mama yako ameniuliza kama naumwa. Siumwi. Jana nilikusikia ukizungumza na rafiki yako Petro kwenye simu, kule nyuma ya zizi, ukidhani mjomba wako amezeeka hata masikio.

Ulimwambia hivi: "Usiogope wewe. Mimi nimeshakamatwa, najua walivyonishika. Sasa hivi hawatupati."

Basi linapita saa nne. Najua lazima uende mjini. Leo ni Jumatatu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sahihi ya dhamana pale kituoni, kwamba kila Jumatatu utaripoti mpaka kesi yako ya nondo itajwe. Siwezi kukufungia ndani. Lakini Petro amebeba begi, Nyemo. Nimemwona asubuhi hii akipita kuelekea barabarani na begi mgongoni, na amevaa viatu vyake vya kanisani. Mtu anayemsindikiza mwenzake kuripoti polisi habebi begi la nguo. Unampeleka kwenye zile saiti za majengo ukamwonyeshe nondo zinavyotoka na zinavyouzwa chuma chakavu. Usinitazame hivyo, sijasema uwongo. Kaa hapo kwenye kigoda unisikilize kabla basi halijafika. Mimi nitasimama, kukaa leo kumenishinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi kwa dalali wa mahindi aliyeitwa Mzee Saidi. Alikuwa Mrangi wa Busi, mfupi, kofia yake nyeupe siku zote hata vumbi la soko lilikuwa likiiogopa. Wakati huo magunia yalipangwa kando ya lami, malori yamejipanga mpaka huko mbele, na kila mtu anapiga kelele isipokuwa yeye. Kazi yangu ilikuwa kupiga bambo. Hulijui bambo wewe, ninyi mmezaliwa na simu. Ni chuma kirefu cha ncha, kina mfereji katikati. Unakichoma ubavuni mwa gunia, mahindi yanateremka mpaka kiganjani, mnunuzi anatazama kama yana wadudu, kama yamekauka, kama yale ya ndani yanafanana na ya juu. Anatafuna punje mbili, anatema, mnapatana bei.

Sasa kulikuwa na desturi. Yale mahindi ya kiganjani hayakurudishwa ndani ya gunia. Yalikuwa ya mpiga bambo. Nilikuwa na mfuko wa kitambaa nimeufunga kiunoni, na jioni mama alipata kitu cha kupeleka mashineni. Haukuwa wizi huo, wenye mali walijua na hata dalali alijua. Ningeishia hapo, nisingekuwa na la kukueleza leo.

Lakini nilianza kuchoma mara tatu pale palipotosha mara moja. Hakuna aliyesema kitu. Nikachoma magunia ambayo hayajapata mnunuzi, mwenyewe amekwenda kunywa chai. Hakuna aliyesema. Kila siku iliyopita bila kushikwa niliiona kama ruhusa, nami nikazidi kujiamini. Mwanzoni moyo ulinidunda hata nikichukua kiganja kimoja. Baada ya miezi miwili nilikuwa nachukua huku napiga mluzi.

Aliyenikamata mara ya kwanza alikuwa Mhehe mmoja mwenye lori, bonge la mtu. Alinishika ukosi nikainuka vidole vya miguu vikatafuta ardhi.

"Kabila gani wewe?"

"Mgogo."

Aliniachia hapo hapo akaanza kucheka. "Mtani wangu! Sasa Mgogo unaiba ya nini, si ungeomba tu kama wenzako? Umewaaibisha wazee wako!"

Nami mdomo haukuwa mbali. Nikamwambia niliogopa kuomba kwa sababu sijui mbwa wake wa kitoweo amemfunga wapi. Watu walicheka mpaka wakashika magunia. Alinijazia mfuko kwa mikono yake mwenyewe, akanipiga kofi la mgongo, akaniambia nimsalimie bibi yangu. Unajua mambo ya watani, Mgogo husemwa ombaomba na Mhehe mla mbwa. Yeye alinisamehe kwa desturi, na hakukosea. Mimi niliondoka pale nimejifunza kwamba kukamatwa si kitu, ni suala la kuwa na mdomo.

Mara ya pili hakukuwa na mtani. Mwenye mali hakuwa na mzaha, aliita polisi, nikalala mahabusu siku nne. Nne, kama wewe. Mkanda nje, viatu nje. Siku ya kwanza mchana kutwa nililia, Nyemo. Nilifunika uso kwa shati nikalia, tumekaa magoti kwa magoti, na mimi mgeni nimewekwa karibu na ndoo ya haja. Kisha mama akaja na ugali ameufunga kwenye kanga. Askari akamwambia asubiri nje, naye akasubiri juani. Mlango ulikuwa na uwazi chini. Sikumwona uso, niliona miguu yake tu, pekupeku, imepasuka visigino, ikibadilishana kusimama kwa sababu ardhi ilikuwa inaunguza. Ilikaa pale mpaka kivuli kikaifikia. Sijawahi kumwambia mtu habari ya miguu ile mpaka leo hii, na ninaona aibu kukuambia kwa nini.

Mle ndani kulikuwa na jamaa mmoja tuliyemwita Mwalimu, ingawa sidhani kama aliwahi kushika chaki. Kazi yake ilikuwa kumuuliza kila mmoja amekamatwaje, kisha anamsahihisha. Wewe uliuza karibu mno. Wewe ulirudi mahali pale pale. Wewe, Elia, ulikaa upande mmoja wa lori muda mrefu. Ukisikia mtu anakuja, unazunguka upande wa pili, unakuwa mpita njia. Ukibanwa kabisa, piga kelele kama wao. Hakuniambia hata mara moja kwamba kosa lilikuwa kuiba. Halafu siku ya kutoka akanishika mkono kwa heshima.

"Una bahati wewe," alisema. "Umeshakamatwa. Hawamkamati mtu mara mbili msimu mmoja. Zamu yako imepita, sasa ni zamu ya wengine."

Nilimwamini, mwanangu. Usinicheke. Niliamini kwamba balaa linakwenda kwa foleni, ukishahudumiwa unatoka mlangoni. Mtu ambaye hajawahi kukamatwa anaogopa asichokijua. Mimi nilikuwa nimekijua, nikadhani kukijua ndiyo kukimaliza. Na kijiweni nilipokelewa kama mtu aliyetoka masomoni ng'ambo. Walinipa kreti la soda nikalie, wenzangu wamechuchumaa. Niliwasimulia Mwalimu alivyochekesha, mbinu zote, askari anavyokoroma. Ndoo sikuitaja, wala shati usoni, wala miguu ya mama.

Kati ya waliochuchumaa kunisikiliza alikuwapo baba yako.

Ndiyo, baba yako Daudi. Kaa chini, basi bado. Umekua ukimwona anachechemea, na umeambiwa kwamba gunia la lumbesa lilimwangukia akiwa mpakiaji. Halikuanguka gunia lolote. Jana jioni nilimfuata nikamwomba ruhusa nikuambie, na nitakuambia alivyonijibu, ila si sasa.

Baba yako alikuwa mbeba magunia mwenye nguvu kuliko wote sokoni, na hajawahi kuchukua hata kamba isiyo yake. Alikuwa anamtaka mdogo wangu Mariamu, mama yako, na alikuwa na haraka ya mahari, maana kulikuwa na mwalimu wa shule, wa kweli huyo, naye anamzungukia. Mimi ndiye niliyemfuata. Nilimwambia kuna njia ya haraka. Akakataa. Nikamfuata tena. Akaniuliza swali moja tu, na namna alivyouliza naisikia nikiwa nakunywa uji, nikiwa kanisani.

"Hivi Elia, ukikamatwa inakuwaje?"

Nikamwambia: "Hakuna kitu. Ni kama kulala msibani."

Aliniuliza kwa kuwa mimi ndiye niliyefika kule na kurudi. Ningemjibu habari ya miguu ya mama, baba yako angekwenda zake kubeba magunia, na leo angekuwa anacheza na wajukuu badala ya kuinuka kitini kwa hatua tatu. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Nililimeza kwa sababu lilikuwa linanivua cheo cha kukalia kreti.

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Kulikuwa na lori limefunikwa turubai, linangoja kupimwa, mwenye mahindi ni mama mmoja mjane kutoka Kiteto aliyekuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Baba yako aliingia chini ya turubai kufumua magunia na kujaza viroba. Mimi nilibaki chini kulinda, maana ndimi mwenye uzoefu. Nikamwona yule mama anarudi na chupa yake ya maji. Nilikuwa na nafasi ya kugonga bodi ya lori mara moja tu, ndivyo tulivyopatana. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshafundishwa. Nilizunguka upande wa pili nikawa mpita njia.

Yule mama alipanda gurudumu, akafunua turubai, akapiga ukelele. Soko lote likaja. Mwanangu, hujawahi kuona soko likija, na naomba usione. Walikuja na magongo ya kubebea, na mawe ya mizani, na wengine na mikono yao tu lakini inatosha. Walimshusha baba yako kwa mguu. Na mtu mmoja katikati yao akageuka akanitazama. Alikuwa ananijua, wote walikuwa wananijua, si nilikuwa nimejisifu mwenyewe? Akasema, "Na huyu je? Si ndiye yule aliyetoka polisi juzi?"

Nikapaza sauti. "Mwizi! Mshikeni mwizi!" Nilipiga kelele kuliko wote. Nilinyoosha kidole nikamwonyesha yule aliyekuwa ananiita shemeji kabla hajatoa hata mbuzi mmoja. Yule mtu akageuza uso, akaniacha, akaenda kupiga.

Sikumpiga mimi. Kwa miaka mingi nilijipongeza kwa hilo, mpumbavu mimi. Nilisimama pale naona fimbo zinainuka, na mimi niliyejua vichochoro vyote vya kuwakwepa polisi nilikuwa naomba kimoyomoyo polisi waje. Waje wamkamate. Wamfunge hata miaka, lakini waje.

Aliyekuja ni Mzee Saidi. Hakukimbia, sijui alifikaje haraka vile. Alipenya, akavua kofia yake akaiweka mfukoni, akaketi juu ya mgongo wa baba yako kama mtu anayekaa kwenye mkeka.

"Haya," alisema. "Nipigeni na mimi, halafu mkaite polisi."

Hakuna aliyetaka kumpiga mzee. Alikaa pale mpaka askari walipofika, kanzu yake imelowa damu isiyo yake. Baba yako alitoka amevunjika nyonga. Alilazwa, akashtakiwa, akafungwa miezi sita huku bado anatembelea gongo. Walimuuliza mwenzake ni nani. Hakulitaja jina langu.

Na mimi, unajua nilifanya nini kesho yake? Nilikwenda kazini. Nilinawa uso nikaenda kupiga bambo, maana nisingeonekana wangenishuku. Mzee Saidi aliniita kando ya magunia, akanyoosha mkono nikampa chuma. Hakugomba. Aliweka ncha ya bambo hapa, kwenye mfuko wa shati, akasukuma kidogo tu, ikanigusa.

"Natamani ningechoma nione kuna nini humu," alisema. "Wewe umeshikwa mara mbili ukatoka unajua kujificha. Yule hajawahi kushikwa hata mara moja, alijua kukuamini tu. Sasa niambie, Elia, ni nani aliyemwiba Daudi?"

Nilitaka kumwambia Daudi hakuibwa, aliiba. Mdomo ule uliomchekesha Mhehe haukufunguka. Aliondoa chuma, akakifuta kwa kanzu, akampa kijana mwingine, na hakunisemesha tena mpaka siku baba yako alipotoka na mimi nikaenda kumpokea gerezani. Siku hiyo tu ndipo Mzee Saidi aliitikia shikamoo yangu.

Baba yako alimwoa mama yako. Wale mbuzi wa mahari tuliowapokea nyumbani kwetu niliona haya hata kuwapeleka malishoni. Amekula na mimi sahani moja miaka yote hii. Nami nikajiambia kwamba katika kelele zile zote, watu mia, hakuweza kuisikia sauti yangu.

Jana jioni nilimwomba ruhusa. Alikuwa anasugua nyonga kwa mafuta. Aliziba chupa ya mafuta, akasema, "Mwambie. Ila mwambie na ile sauti."

Alikuwa anajua, Nyemo! Tangu siku ile, na miezi sita ya kifungo, na miaka yote ya kunipakulia nyama, alikuwa anajua. Ndiyo maana sikulala. Ndiyo maana unaniona nafagia uwanja uliofagiliwa.

Sasa sikiliza, maana nasikia lori linapandisha kule na nyuma yake basi halitakuwa mbali. Kukamatwa kunamfundisha kila mtu kitu, lakini hakuchagui kitakuwa kitu gani. Mmoja anatoka na hofu inayomrudisha shambani. Mwingine anatoka na mbinu. Mwingine, kama mimi, anatoka na cheo na ile imani ya kipuuzi kwamba zamu yake imepita. Hakuna zamu, mwanangu. Hakuna foleni. Anayekwenda tena anakwenda upya, na hatari ni ile ile, isipokuwa yeye ameacha kuiona.

Nilipokuja kukudhamini, askari aliita jina lako ukatoka macho yamevimba. Ulishika pindo la koti langu tangu mlango wa kituo mpaka stendi, mwanamume mwenye ndevu, na hukuliachia mpaka tulipopanda gari. Sikusema neno, na nisingelisema leo kama lingekuwa lako peke yako. Hilo hukumwambia Petro. Umemwambia kwamba unajua walivyokushika. Umemwambia mahabusu wanakula nini, nani anachekesha, mlinzi analala saa ngapi. Umempa nusu ya habari, ile ile nusu niliyompa baba yako.

Nasaha yangu ni hii, sina nyingine. Nenda karipoti. Tembea ukaweke sahihi yako, ukiulizwa jibu ukweli, na kesi ikija isimamie, mimi nitakuwa nyuma yako. Saiti za watu usizikanyage tena bila kazi. Lakini kabla ya hayo yote, pale barabarani, kabla basi halijasimama, mwambie Petro ulilia. Mwambie ndoo ilikuwa wapi na wewe ulikuwa wapi. Mwambie habari ya koti langu. Atakucheka, acha acheke. Ukishamwambia hayo hutaweza kumpeleka tena, na yeye hatataka kwenda.

Ukishindwa kusema, mwite aje hapa, nitamwambia mimi, na baba yako atainuka kwenye kiti chake amwonyeshe anavyotembea.

Haya, inuka. Lete kichwa chako hapa. Mungu aliyemwachia baba yako pumzi chini ya magongo ya Kibaigwa akutangulie mpaka kwenye meza ya askari, akupe ulimi wa kusema lile linalokuaibisha, akurudishe jioni mama yako akiwa bado anapika. Na yule mwenzako arudi nyumbani kwao asubuhi hii hii na begi lake, viatu vya kanisani vikiwa havijachafuka. Nenda. Mimi nitakuwa nimesimama hapa hapa, natazama barabara, mpaka nimwone Petro anarudi.